Funguo Saba na Tundu la Paka

Siku bwana wa makumbusho ya pwani alipopanda mlimani hadi kijiji cha Tamsult kuja kuchukua ubao, Mwalimu Ijja hakumtolea hata kipande cha mkate.

Jambo hilo liliwashtua watu kuliko gari lenyewe. Tamsult mgeni huwekewa kwanza mkate wa shayiri na kibakuli cha mafuta ya argani, hata akiwa mkusanya kodi. Akishashiba ndipo anaulizwa amekuja kumkera nani. Lakini Ijja alikaa juu ya kigoda chake mlangoni mwa ghala, fimbo mapajani, akamtazama mgeni anavyojipangusa vumbi la saa nne za njia mbovu, wala hakuinuka.

"Ndiye mtunza makumbusho ya humu ghalani?" mgeni akamuuliza mkuu wa kijiji kwa sauti ya chini.

"Ndiye," akajibu Hmad, mkuu wa kijiji. "Uzee, bwana. Msamehe."

"Masikio yangu hayajazeeka, Hmad," akasema Ijja. "Nilikufundisha kuhesabu, ukanishinda. Usinifanye nianze upya mbele ya wageni."

Watu wakacheka. Hmad naye akacheka, maana mtu aliyekaa darasa la kwanza kwa Ijja hana namna nyingine, na karibu kila aliyekuwapo pale alikuwa amelikaa.

Mgeni akajitambulisha kwa adabu. Jina lake Nabil. Ametoka makumbusho mapya ya mkoa, jengo la vioo lililokamilika mwaka jana na ambalo bado halikuwa na cha kutia ndani. Alikuwa na miaka arobaini hivi, shati jeupe, na barua yenye mihuri mitatu. Barua ilisema kwamba Ubao wa Sheria wa Tamsult ni mali ya watu wote, hivyo uhamishiwe pwani, mahali salama. Na kwamba ofisi ya mkoa, kwa kuuthamini moyo huo wa wananchi, itafikiria kuwatilia lami barabara yao.

"Itafikiria," Ijja akarudia. "Neno tamu hilo. Mimi nami, baada ya kufiwa na mume, nilifikiria kuolewa tena. Nina miaka sitini na minane. Bado nafikiria."

Safari hii Hmad hakucheka. Barabara ilikuwa jambo lake. Alikuwa ameiahidi mara tatu, na watu walikuwa wameanza kumwita Bwana Lami.

Ghala la Tamsult limekaa juu ya mwamba kama jino la mwisho kinywani mwa kikongwe. Ghorofa nne, vyumba sitini na kitu, kila nyumba ya kijiji na chumba chake, kila chumba na mlango wa mti na ufunguo wa mti wenye meno kama kitana. Humo mababu waliweka shayiri, lozi, hati za ndoa na siri zao. Mabondeni waliweza kupigana mpaka wachoke, ila ghalani hawakunyanyuliana hata sauti. Chini ya kila mlango limetobolewa tundu la duara, upana wa kichwa cha paka, kwa kuwa paka wa ghala walikuwa watumishi wa umma: walikuwa na posho yao, na sheria yao ubaoni.

Kisha shayiri ikahamia kwenye magunia ya dukani, vyumba vikabaki vitupu, na vijana wakaanza kuchanja milango kuwa kuni za chai. Ijja wakati huo alikuwa mwalimu wa miaka thelathini, binti wa Mzee Bihi, mtunza ghala wa mwisho. Alipanda juu siku moja baada ya masomo, akawanyang'anya vijana shoka, akalifungia ndani. Shoka hilo ndilo lililokuwa kifaa cha kwanza cha makumbusho.

Baada ya hapo alikwenda nyumba kwa nyumba. Hakuomba kupewa kitu. "Weka chumbani mwako mwenyewe," alikuwa akisema, "ufunge, ufunguo ukae nao wewe. Mimi nitaandika tu ni cha nani na kilifanya kazi gani." Ndivyo yalivyozaliwa makumbusho ambayo mtunzaji wake hamiliki hata kijiko. Jioni aliandika madaftari: nani alichimba mfereji upi, nani aliiba zamu ya maji, wimbo upi uliimbwa harusi ya nani na kwa nini bibi harusi alilia. Yalifika kumi na mawili. Watu wakamwita Bibi Vumbi. Mchuuzi wa vitu vya kale alipokuja kutoka mjini kununua makomeo kwa wajane, Ijja alimkimbiza na upawa wa uji wa moto mpaka darajani. Mchuuzi aliacha kiatu. Kiko chumba cha thelathini na mbili, cha mguu wa kushoto, na maelezo yake ubavuni.

Kosa lake lilikuwa moja, nalo liko chumba cha kumi na moja.

Katika mwaka wake wa tano alikuja profesa kutoka mji mkuu. Alikaa siku tatu, akayasoma madaftari, akamwita Ijja "mwenzangu katika fani." Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Akala mkate na mafuta ndani ya ghala. Sasa, kila mtoto wa Tamsult anajua kabla hajajua kufunga viatu kwamba anayekula mkate ndani ya ghala amekula kiapo: hatatoa kitu bila ya funguo zake, na alichokitoa atakirudisha. Basi profesa alipoomba kuazima mlango wa kuchongwa wa chumba cha kumi na moja, miezi sita tu, Ijja akamwitia wenyewe wakafungua, akampa. Alikuwa amekwisha kula! Nani amwulize zaidi mtu aliyekwisha kula?

Miaka thelathini na mitatu imepita. Profesa alikuwa amekula mkate kwa sababu alikuwa na njaa. Hakuna aliyemwambia kwamba ulikuwa kitu kingine. Ijja aliufuata mlango mji mkuu, akaukuta umesimama kwenye kabati la kioo, chini yake pameandikwa "Mlango. Kusini." Hapakutajwa Tamsult, wala nyumba, wala mchongaji. Alipoinua mkono, askari wa pale akamwambia, "Mama, usiguse." Mlango aliougonga kwa paji la uso akijifunza kutembea!

Alirudi akabandika karatasi kwenye shimo la chumba cha kumi na moja: "Mlango wa chumba hiki umeazimwa. Tunausubiri." Kila mwaka hubadilisha karatasi, maneno hayabadilishi.

Nabil alipopitishwa ndani kuelekea chumba cha baraza, alisimama hapo akaisoma. Akasoma tena.

"Umeazimwa na nani?" akauliza.

"Na mtu mwenye shati jeupe," akasema Ijja, akapita.

Chumba cha baraza kiko mwisho wa ujia. Mlango wake ni mzito na una makomeo saba, moja kwa kila nyumba kati ya nyumba saba zilizojenga ghala, na hufunguliwa mara moja tu kwa mwaka, lozi zikishavunwa. Ubao, ulioandikwa sheria zote za ghala, umeegemezwa ukuta wa ndani. Siku nyingine zote, anayetaka kuuona hulala kifudifudi akachungulia kwa tundu la paka. Wamelala hapo mabalozi, wanafunzi, na jaji mmoja mnene aliyekwama akavutwa miguu.

Mbele ya mlango Hmad alikuwa ametandika mkeka, na juu ya mkeka kulikuwa na funguo sita. Alikuwa amezizungukia nyumba usiku kucha. Ijja alizitazama, akazihesabu kwa ncha ya fimbo.

"Sita zimekubali," akasema Hmad. "Bado wako, mwalimu."

Wa saba ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba ya manyoya ya mbuzi, mahali ulipokaa tangu baba yake alipofariki miaka ishirini na miwili iliyopita.

"Rkia," akasema Ijja, akimtazama mwanamke mnene aliyesimama nyuma ya mkeka, "hata wewe?"

"Hata mimi," akasema Rkia, na hakuangalia chini. "Mkwe wangu alizalia ndani ya lori, mwalimu, kwenye kona ya mawe. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Ubao wako haukuja kumpokea mtoto."

Wengine wakaguna kwa kukubali. Ijja alilipokea hilo kama anayepokea mzigo mzito.

"Unayosema ni kweli," akasema. "Nimeyaandika, daftari la kumi na mbili, na jina la mtoto. Lakini niambie, Rkia. Watu wa bonde la ng'ambo wametiliwa lami. Walitoa ubao gani? Walitoa nini? Barabara ni haki yako. Mtu akikuuzia kilicho chako, halafu akaomba chenji, huyo unamkaribisha chai?"

"Mimi siuzi kitu, mama," Nabil akasema taratibu. "Kule kuna hewa inayopimwa. Kuna walinzi. Hapa panya tu…"

"Panya?" Sauti ya Ijja ikapanda. "Bwana, humu panya wa mwisho alikufa kabla nchi haijapata uhuru. Ubao una miaka mia mbili na sitini. Umepona vita, nzige, mafuriko na wakaguzi wa elimu. Kilichotuponyoka ni kimoja tu, na kilitoka na watu wenye hewa inayopimwa."

"Basi unakataa?" akauliza Hmad.

"Nakataa. Andika kwa herufi kubwa."

Hmad akavuta pumzi. Ilionekana alikuwa amelitunza hili mfukoni tangu asubuhi. "Kama ni hivyo, mwalimu, kwanza tuulizane: huo ufunguo ni wako? Wazee walikuwa wakisema mwanamke hashiki ufunguo. Walisema imeandikwa ubaoni."

Ijja akahisi kamba ya mbuzi ikimkwaruza shingo.

"Unajua kuusoma?" akamwuliza.

"Wewe unajua. Tusomee. Si kwenye daftari lako, daftari ni mkono wako. Soma ubao wenyewe, watu wasikie."

Hmad alikuwa amesema kweli: Ijja peke yake ndiye ajuaye. Ubao umeandikwa Kiamazigh cha zamani, lugha ya milimani, kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wa mtu aliyekuwa na haraka. Vijana wamezizoea herufi za vitabu, mkono huo unawashinda. Imamu anazijua sana, lakini ametoka tambarare, na lugha yenyewe hajui zaidi ya kuomba chumvi.

Na pembeni, mgongo ukutani, mikono kifuani, alisimama Dahman.

Dahman alikuwa binamu yake Ijja, mwana wa baba mdogo, mwanamume wa pekee aliyebaki katika nyumba yao. Alikuwa mfuga nyuki. Kila wiki alitelemsha asali sokoni, na kila wiki barabara ilimvunjia chupa. Hakuna aliyeitaka lami kuliko yeye. Tena alikuwa hasemi na Ijja, mwaka wa tisa huo. Sababu ilikuwa daftari la nne, ukurasa unaosema kwamba babu yao Dahman wa kwanza alimpiga paka wa ghala akamuua, akatozwa kulisha kijiji kizima kondoo. Dahman alikuwa ameapa kwamba ni uzushi. Tangu hapo, akitaka kumwambia Ijja neno hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata wakiwa wawili tu njiani, humwambia punda.

"Mwambieni mwalimu," Dahman akasema sasa, "tunasubiri kusomewa."

Ijja akampa mtu fimbo. Akapiga magoti, akaweka viganja chini, akajilaza kifudifudi kwenye vumbi, mwanamke wa miaka sitini na minane, mbele ya kijiji na mgeni mwenye mihuri. Kuna aliyetaka kucheka akapigwa kiwiko. Akawasha tochi, akatia uso kwenye tundu la paka.

Ubao ulikuwa pale, mweusi, mng'avu kwa mafuta ya mikono ya watu waliokwisha kuwa udongo. Hakuwa na haja ya kuutafuta mstari wa tisa. Aliujua tangu siku ya kwanza alipoushika ubao huu mapajani mwa baba yake. Kwa miaka ishirini na miwili aliomba Mungu asitokee mtu wa kuuliza.

Mzee Bihi alimpa ufunguo akiwa kitandani. "Shika wewe," alisema, "mpaka Dahman apate akili." Dahman wakati ule alikuwa na miaka arobaini na mitano. Kijiji kilicheka, kikakubali, kikasahau.

Mle tunduni hakuna aliyeuona uso wake. Angeweza kusema: ufunguo huenda kwa mtoto wa marehemu, awe nani. Maneno machache tu. Nani wa kumbishia, imamu? Ubao ungekaa. Kesho angeamka, angefagia ujia, angewapokea wanafunzi, na hakuna kiumbe juu ya ardhi ambaye angejua, isipokuwa yeye, na yule mtu mwenye haraka aliyeandika. Uongo mdogo, wa kheri, wa kuokoa ukweli mwingi. Aliionja ile sentensi mdomoni. Ilikuwa na ladha nzuri mno. Ikamtia shaka.

Akakumbuka kabati la kioo. "Mlango. Kusini." Nalo lile halikuwa uongo, aliyeandika aliona tu kwamba yaliyobaki hayana faida kwake.

Akasoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, sauti ikigonga ndani ya chumba na kurudi:

"Mwenye ufunguo akifa, ufunguo huenda kwa mwanamume wa karibu kwa damu. Mwanamke hulinda, hafungui wala hafungi. Na mwenye ufunguo asiyetaka kufungua halazimishwi, hata na sita wenzake."

Akajitoa tunduni. Watu wawili wakataka kumwinua, akawafukuza kwa mkono, akainuka mwenyewe, uso wote vumbi, na duara la tundu limemchora shavuni.

"Huo ndio mstari," akasema. "Ni mstari mbaya. Nimesema ni mbaya tangu siku niliyousoma. Aliyeuandika alinyonyeshwa na mwanamke, na anayemfutia vumbi ni mwanamke. Siku baraza likikutana baada ya lozi nitasimama niombe ufutwe, na msiponisikiliza nitasimama mwaka unaofuata. Lakini ndivyo unavyosema leo. Sikukaa humu miaka thelathini na minane ili niwatie wafu maneno kinywani. Mkitaka kuuza, uzeni kitu cha kweli."

Akaivua kamba. Ilinasa kwenye kilemba, akaivuta ikakatika. Akatembea hatua sita mpaka kwa Dahman, akamtia ufunguo kiganjani, akakifunga kiganja kwa vidole vyake mwenyewe.

Hmad alitaka kuficha furaha, lakini meno yalimsaliti. "Haya, Dahman. Mambo yamekwisha. Fungua, ndugu yangu, tule lami."

Dahman hakusogea. Aliutazama ufunguo. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Mwambieni mwalimu," akasema, "arudie mstari wa tisa."

"Ameshausoma!"

"Mwambieni arudie."

Ijja akaurudia, safari hii kwa kichwa. Na alipofika katikati watu wakasikia sauti mbili. Dahman alikuwa akiusema pamoja naye, neno kwa neno, kwa mahadhi ya mtoto anayekariri, mpaka "hata na sita wenzake."

"Babu alinikaririsha," Dahman akasema. "Sijaota hata meno ya pili. Bibi akimgombeza, babu hutuita wajukuu, 'Hebu mwambieni bibi yenu mstari wa tisa!' Nasi twapiga kelele. Sijui kusoma ubao, lakini huo naujua kuliko jina langu. Nimekuja leo kumsikiliza akidanganya. Nimetembea toka mizingani tangu alfajiri kwa ajili hiyo tu. Nilijua atadanganya. Nani asingedanganya? Mimi ningedanganya! Nami ningesimama hapa niseme: mnaona? Madaftari yote kumi na mawili ni takataka, na paka wa babu yangu ni takataka."

Akaugeuza ufunguo kiganjani.

"Hakudanganya," Dahman akasema, kama mtu anayeng'olewa jino. Ndipo akageuka, akamtazama Ijja usoni, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. "Dada. Basi babu alimwua yule paka."

"Alimwua, Dahman."

"Na kondoo alitoa."

"Wawili. Nilikuandikia mmoja kwa huruma. Hilo nalo nitalisahihisha."

Dahman akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaipitisha kamba iliyokatika shingoni mwake, akapiga fundo, akautia ufunguo ndani ya shati.

"Sitaki," akamwambia Hmad.

"Hutaki nini?"

"Sitaki kufungua. Umesikia ubao. Nina asali nitakayoivunja wiki ijayo na wiki ya baadaye, nami nitakutukana kila chupa, Hmad, kwa jina lako na la baba yako. Leteni lami kwanza. Kisha bwana huyu akitaka kuuona ubao, alale chini kama jaji."

Kelele zikazuka. Hmad akasema juu ya maendeleo, na mtu akamwita Bwana Lami, na mwingine akachukua ufunguo wake kwenye mkeka akaondoka nao bila kuaga, na wa pili, na wa tatu. Rkia hakuuchukua wake. Alisimama, macho yamejaa maji.

"Mmeshinda," akasema. "Na mkwe wangu ana mimba nyingine. Akazalie wapi?"

Ijja akamwendea. "Jumatatu," akasema. "Mimi na wewe na mkwe wako na lile lori. Tunatelemka mpaka ofisi ya mkoa. Nitachukua daftari la kumi na mbili, nitawasomea mlangoni, tarehe na majina, kila mtoto aliyezaliwa njiani na kila mgonjwa aliyefia njiani. Ni kurasa kumi na nne. Wakinifukuza, naanza upya ukurasa wa kwanza. Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, Rkia. Hawana subira ya kunishinda."

Rkia akajifuta macho kwa ncha ya shuka. "Nitabeba mkate," akasema hatimaye. Akainama, akauokota ufunguo wake.

Hmad alibaki peke yake na mkeka. Akaukunja.

Nabil alikuwa amekaa kwenye ngazi, barua imejikunja gotini. Ilikuwa saa nane mchana. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi, na tumbo lake lililisema hilo kwa sauti. Dereva wake alikuwa ameshalala garini. Ijja akaingia chumbani mwake, akatoka na sinia: mkate wa shayiri, mafuta ya argani, lozi za kusagwa na asali. Akaliweka mbele ya mgeni, akaketi.

Nabil akanyoosha mkono.

"Ngoja," akasema Ijja. "Safari ile sikumwambia mtu, ikanigharimu mlango. Wewe nakwambia. Anayekula mkate huu ndani ya ghala hili amekula kiapo. Hatatoa kitu humu bila funguo zote, wala hatamtuma mwingine akitoe. Na akijua kuna kitu chetu kilichotoka hakijarudi, atakifuatilia kama ni cha mama yake. Ndiyo maana asubuhi sikukupa. Huli kwa lazima. Chini kuna duka, lina biskuti."

Mkono wa Nabil ulibaki hewani. Akatazama mkate, akatazama barua yenye mihuri mitatu, akatazama ujia mpaka kwenye shimo lile na karatasi yake.

"Nikila, nitawaambia nini ofisini?"

"Waambie ulikula."

Akacheka bila kutaka. Kisha akavunja kipande, akachovya, akakitia mdomoni, na mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kishikizo cha shati jeupe. Alikula mpaka sinia likang'aa. Alipomaliza akatoa kalamu, na nyuma ya barua akaandika: chumba cha kumi na moja, mlango wa kuchongwa, jina la nyumba, jina la mchongaji, tarehe. Ijja alimtajia polepole, akimrekebisha tahajia, na mwisho akamwonyesha stakabadhi aliyoiacha profesa, mstari mmoja tu, iliyopauka kama jani.

"Siahidi kwamba watasikia," akasema Nabil.

"Wala mimi siahidi kwamba nitanyamaza."

Gari lilipotelemka likiyumba kwenye mawe, Dahman alikuwa bado mlangoni mwa ghala, akiushikashika ufunguo kifuani kama mtu aliyevaa koti jipya.

"Mzito," akasema.

"Utauzoea. Na kila nikitaka kufungua nitakuja kukuamsha."

"Mwanamke hulinda," Dahman akasema, akicheka kidogo. Akauvua, akamrudishia shingoni. "Linda. Siku ya kufungua nitakuja. Siku ya kukataa nitakuja mapema zaidi." Akasitasita. "Dada, leo utaandika?"

"Daftari la kumi na tatu. Jioni hii."

"Yote? Na paka?"

"Yote."

"Basi andika, tafadhali, kwamba alikuwa paka mkali. Alimwanza babu."

Ijja akamtazama kwa huruma yote ya damu yao. "Una shahidi?"

Dahman akafikiri sana.

"Sina."

"Basi siandiki."